Geuka, Mteja Anaandika

Nimefunga intaneti katika nyumba nyingi kuanzia Adams Arcade hadi Loresho, na neno la siri la nyumba yangu mwenyewe silijui. Naanza na hilo kwa sababu mlilisikia siku ya chai yangu ya kuagwa, mkacheka, mkadhani ni mzaha wa mzee. Haukuwa mzaha. Mliniomba niandike niliyoyaona kazini ili wanaoingia sasa wapate pa kuanzia. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hivyo nitaandika kama ninavyoongea. Kuna mambo ya kazi hii ambayo sijayaelewa hadi leo, na sitajifanya nayaelewa kwa sababu tu nimestaafu.

Nilianza katika duka la kompyuta katikati ya mji, ghorofani, juu ya watu waliouza redio na nyaya. Kazi niliyoiomba ilikuwa kufagia na kubeba masanduku. Siku ya kwanza mwenye duka aliniambia nimwone Mutiso. Mutiso alikuwa fundi mkuu, Mkamba mwembamba wa maneno machache, na nilimkuta ameinamia kompyuta iliyofunguliwa tumbo, bisibisi mdomoni. Aliitoa bisibisi akanitazama mikono.

"Umeshika chuma?"

"Chuma gani?"

"Chochote. Shika huo mguu wa meza."

Nikaushika. Nikangoja kitu kitokee. Hakikutokea.

"Sasa?"

"Sasa umetoa umeme wa mwili. Ukigusa hizi bodi na hiyo sweta yako ya sufu ya Limuru utaziua, na hutasikia hata zikilia."

Nilishika mguu wa meza kila asubuhi kwa muda mrefu bila kujua ninatoa nini. Baadaye Mutiso alinieleza vizuri, nikaelewa, halafu nikasahau, lakini mkono ukaendelea kushika. Nyumbani mke wangu alinikuta nimeshika mguu wa kitanda kabla ya kumbeba mtoto. Alinitazama, akamchukua mtoto, akaenda naye jikoni.

Siku hizo duka liliunganisha kompyuta zake lenyewe. Kasha lilitoka kwa mtu huyu, bodi kwa yule, na kompyuta ikatoka mezani kwa Mutiso bila jina lolote usoni. Zilidumu. Lakini wateja walitaka zile zenye majina, zilizotengenezwa na makampuni makubwa ya ng'ambo, ambazo zilikuja zimefungwa kwenye masanduku mazuri. Juu ya sanduku palikuwa na kibandiko kilichosema kwamba kompyuta hii iko tayari kwa intaneti. Kibandiko hicho kilitutesa. Mteja alinunua Jumamosi, Jumatatu akarudi amekasirika.

"Imeandikwa iko tayari," mama mmoja alimwambia Mutiso. "Nimeichomeka kwa ukuta, nimengoja, naona tu picha ya milima."

"Mama, kompyuta iko tayari," Mutiso akamjibu. "Intaneti ndiyo haiko tayari."

"Kwa hivyo mliniuzia nini?"

Waliotengeneza kompyuta walikuwa wameahidi kitu ambacho si wao wangekileta, na waliopaswa kukileta walikuwa bado wanachimba mitaro ya nyaya. Sisi tulikuwa katikati na mama wa watu. Nawaambia hivi kwa sababu hata sasa mtasimama hapo hapo, ni vibandiko tu vitakuwa vimebadilika.

Baadaye duka likawa wakala wa intaneti ya majumbani, ile ya kutumia antena ya paa, na baadaye tena kampuni ikatuchukua mimi na Mutiso moja kwa moja. Antena ilihitaji kuuona mnara. Hilo nililielewa haraka, kwa sababu hata mimi nikitaka kuongea na mtu napenda kumwona. Unapanda paani, unaugeuza uso wake taratibu kuelekea mnara, mwenzako aliye chini anapiga kelele: "Rudi! Rudi kidogo! Hapo! Usipumue!" Ukishuka unaweka kale kasanduku ka ndani, rauta, halafu unamuuliza mteja mambo mawili: mtandao wa nyumba uitwe nani, na neno la siri liwe lipi.

Nyumba ya kwanza niliyofungia intaneti ilikuwa gorofa karibu na Adams. Mteja alikuwa mwalimu wa kike aliyeandika kwa kidole kimoja. Alipofika kwenye neno la siri nikainama nimsaidie kutafuta herufi. Nikahisi kola ya shati inavutwa.

"Geuka," Mutiso akasema.

"Nigeuke wapi?"

"Dirishani. Mteja anaandika."

Nikageuka. Nyuma yangu mwalimu alicheka akasema haina shida, hata yeye hana siri. Mutiso alikuwa tayari amegeuka pia, na tukasimama wawili kama watu waliopewa adhabu, tukitazama nguo za jirani zikikauka. Tulipokuwa ngazini akanieleza.

"Neno la siri ni kama chupi. Unajua mtu amevaa. Hiyo inatosha."

"Na akikosea herufi?"

"Atakosea, atarudia. Wewe usigeuke mpaka akwambie tayari. Hata akiwa ni mjomba wako."

Hivyo ndivyo nilivyoijua Nairobi ya upande wa magharibi, kwa madirisha yake. Naujua ukuta wa nyuma wa maduka mengi ya Ngong Road. Najua mbwa gani wa Loresho hulala juu ya gari la mwenyewe. Nimetazama michungwa, matangi ya maji, na mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia nyasi wakati mvua inanyesha. Sikuwahi kujua wateja waliandika nini huko nyuma yangu. Wengine walichukua muda mrefu. Wengine walicheka peke yao. Mmoja alilia, nami nikaendelea kutazama tangi.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa Loresho, kwa mama niliyemzoea kwa jina la Mama Doreen. Alikuwa na laptop mpya ya kampuni kubwa, nasi tulikuwa tumemfungia antena nzuri inayouona mnara bila hata tawi moja mbele. Asubuhi intaneti ilikuwepo, kufikia saa nne haikuwepo. Nikienda na simu yangu, ipo. Kwenye laptop yake, haipo. Nikiipeleka laptop dukani, inashika vizuri. Nikiirudisha, siku mbili, imekufa.

Mama Doreen aliwapigia waliotengeneza kompyuta, wakamwambia ni shida ya watu wa intaneti. Akatupigia sisi, na ofisi yetu ikamwambia ni shida ya waliotengeneza kompyuta. Nilikuwa nimeketi sebuleni kwake alipoyasikia hayo yote mawili, na akanitazama mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu.

"Njoroge, wewe ni wa upande gani?"

"Mama, mimi ni wa hapa hapa kwa kochi."

Hakucheka. Nilibadilisha waya, nikabadilisha rauta, nikapanda paani tena. Nilianza kufikiri labda nyumba yenyewe ina kitu. Sisemi nilikuwa sawasawa. Asubuhi moja niliamua kukaa tu na kutazama. Akaingia Rosa, dada aliyefanya kazi pale, na kitambaa. Akafuta meza, akafuta televisheni, akainua laptop, akaifuta chini, akaifuta ubavuni, akairudisha. Intaneti ikazimika mbele ya macho yangu.

"Rosa, umefanya nini?"

"Mimi? Nimefuta vumbi tu! Msianze kuniingiza kwa mambo yenu."

Ubavuni mwa ile laptop palikuwa na swichi ndogo nyembamba kama ukucha, ya kuzima mawasiliano ya hewani. Aliyeitengeneza aliiweka mahali hasa ambapo mtu huishika anapoibeba. Sijui alikuwa anafikiria nini. Labda kwao hakuna vumbi. Nilibandika kipande cha plasta juu yake, ile ya kidonda, na hiyo ndiyo dawa niliyotumia Nairobi nzima mpaka swichi hizo zikaacha kutengenezwa. Rosa aliniambia nimwambie Mama Doreen kwamba hayakuwa makosa yake. Nikamwambia, Rosa mwenyewe akisikia. Somo langu hapo ni dogo: kabla hujapanda paani, tazama nani anapanguza meza.

Sasa nifike nyumbani.

Tunaishi Mutuini, kwenye kipande cha ardhi cha baba yangu, na mbele tumejenga vyumba vichache vya kupangisha. Kampuni iliporuhusu wafanyakazi kufungiwa intaneti, antena ilikataa kuuona mnara kwa sababu ya miti ya jirani, basi nikaisimamisha juu ya nguzo ya mkaratusi niliokata mwenyewe. Mutiso alikuja kunisaidia kwa mara ya mwisho kabla hajarudi kwao Makueni. Tulipomaliza nilimpa mke wangu, Wambui, kiti mbele ya kompyuta.

"Mteja, mtandao wako uitwe nani?"

Wambui alitazama sakafu. Mjue udongo wetu wa Mutuini ni mwekundu na unashika, na mimi nilikuwa nimeingia kutoka uani na buti. Akaandika: VUA VIATU. Tangu siku hiyo kila mpangaji, na kila mtu aliyepita njiani na simu mkononi, aliona nyumba ya Njoroge inamwamuru avue viatu. Watoto wa shule waliniita Baba Viatu. Nililalamika. Wambui akasema sheria ni ya wote, ila ilitungwa kwa ajili yangu.

Kisha akafika kwenye neno la siri. Mimi na Mutiso tukageuka dirishani wakati mmoja bila kuambiana, na Wambui akacheka mpaka akashindwa kuandika.

"Wewe pia? Kwako mwenyewe?"

"Andika, Mama," Mutiso akasema. "Tunatazama mboga zako za sukuma."

Aliandika kwa muda. Akasema tayari. Baadaye nikampa simu yangu aniwekee, akaniwekea. Kila nilipobadilisha simu nilimpa, na kila mara nikageuka, naye kila mara akanicheka. Huo ulikuwa mchezo wetu. Watu wengine wana nyimbo au vyakula vyao, sisi tulikuwa na huo. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja hatakuwepo wa kuniwekea.

Wambui aliugua muda mfupi, akafariki. Sitaandika zaidi kuhusu hospitali.

Siku za matanga nyumba ilijaa watu wakipanga mazishi, na dada yake aliye ng'ambo alitaka kufuata maombi kwa simu. Mpwa wangu Karis akanijia na laptop.

"Uncle, nipe paswadi ya waifai."

"Sijui."

"Ya hapa. VUA VIATU."

"Ndiyo hiyo nakwambia sijui."

"Uncle, si wewe ndio fundi wa waifai?"

Shangazi mmoja akamvuta Karis pembeni akamwambia aniache, nimechanganyikiwa. Ni kweli nilikuwa nimechanganyikiwa, lakini si kwa hilo. Hilo ndilo jambo pekee nililolijua kwa uhakika siku ile nzima: kwamba silijui. Karis alitumia bando za simu yake.

Wengi wenu mtauliza, na mnajua mnachouliza: kwa nini nisifungue ukurasa wa rauta nikalisoma? Lipo pale, limefichwa kwa vidoti, na kando yake kuna kajicho. Ukikabonyeza, vidoti vinageuka herufi. Nimewafundisha baadhi yenu wenyewe. Basi nawaambia ukweli. Niliufungua ule ukurasa mara nyingi baada ya mazishi. Niliweka kidole juu ya kajicho. Kisha nikafunga. Niliogopa kitu, na sijui ni kitu gani. Labda ni jina langu. Labda si jina langu. Labda ni neno la ovyo tu aliloliandika ili sisi tuache kutazama sukuma. Sijui ni lipi kati ya hayo ningeweza kulibeba.

Kuna simu yake pia. Iko ndani ya kabati la vyombo, nami huichaji. Imefungwa kwa namba aliyoijua yeye, na laini yake haina bando tena, kwa hivyo inaishi kwa intaneti ya nyumba peke yake. Kila asubuhi kikundi chao cha akina mama wa kanisa hutuma maombi, na simu inalia ndani ya kabati, vikombe vinatikisika kidogo. Hakuna aliyemtoa kwenye kikundi. Sijui kama wamesahau au wamekataa. Siwezi kuyasoma maombi hayo, na sijui kwa nini nataka yaendelee kuingia. Nataka tu.

Ndipo likaja tangazo mnalolijua: mnara wetu wa zamani unazimwa na Mutuini inapata faiba, intaneti ya kupitia waya. Kampuni ikasema nifungiwe bure kama zawadi ya kustaafu. Nilishukuru kwa mdomo. Ndani nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kifundi. Rauta mpya ina jina jipya na neno jipya. Simu ambayo haifunguki haiwezi kuandikiwa neno jipya. Njia ni moja tu, ile tunayowafanyia wazee wasiotaka usumbufu: unaipa rauta mpya jina lile lile la zamani na neno lile lile la zamani, herufi kwa herufi, na simu zote za nyumba zinaingia zenyewe bila kujua kuna kilichobadilika. Lakini ni lazima ulijue neno. Ukikosa herufi moja, simu ya kabatini inanyamaza kabisa.

Aliyetumwa kunifungia ni Naomi. Wengi wenu mnamjua, ndiye wa mwisho kufundishwa na mimi. Alifika mlangoni, akatazama simu yake atafute mitandao iliyopo, akainama akavua viatu bila kusema neno. Nilimpenda kwa hilo.

Alivuta waya wa faiba, akaupitisha dirishani, akawasha kasanduku kapya. Ka zamani kalikuwa bado kanafanya kazi kando yake, keupe kalikogeuka rangi ya chai. Nikamweleza shida yangu yote, na simu ikiwa kabatini. Alisikiliza vizuri.

"Sasa Mzee, si ni kubonyeza tu kajicho?"

"Najua ni kubonyeza."

"Sawa." Akanisogezea laptop, akaufungua ukurasa wa rauta ya zamani, vidoti vikawa mbele yangu. Halafu akasimama akaenda dirishani akanipa mgongo. "Leo wewe ndio mteja. Mimi nageuka."

Alikuwa amesimama kama Mutiso kabisa, mikono nyuma. Sikujua kwamba nilikuwa nimemwonyesha hata namna ya kuweka mikono.

Niliketi. Niliweka kidole. Nilisikia jogoo wa mpangaji, na bodaboda ikipanda kilima. Nilijiambia mimi ni mtu mzima, hii ni nyumba yangu, huyu alikuwa mke wangu. Yote yalikuwa kweli na hayakunisaidia. Maisha yangu yote kazini mtu alipokuwa akiandika mimi nilitazama nje, na sasa nilitakiwa nitazame ndani, na shingo haikugeuka. Siwezi kulieleza vizuri kuliko hivyo.

"Mzee, tayari?"

"Bado."

Akangoja tena.

"Mzee?"

"Naomi, njoo uandike wewe. Mimi nitageuka."

"Lakini hiyo ni kinyume! Si wewe ndio ulituambia fundi asione?"

"Ndiyo. Sasa nakwambia uone."

"Na nikishaona?"

"Sijui."

Alinitazama aone kama ninatania. Tukabadilishana nafasi. Nilisimama dirishani pangu, pale pale tuliposimama mimi na Mutiso. Sukuma ya Wambui imeachwa ikatoa maua ya manjano, hakuna anayeichuma vizuri. Ng'ombe wa jirani alikuwa amepitisha kichwa uani anaila. Ningetoka nimfukuze, lakini mteja alikuwa anaandika.

Nilisikia Naomi akibonyeza mara moja. Hako kalikuwa kajicho. Kisha akaanza kuandika, taratibu, na lilikuwa refu, refu kuliko nilivyofikiri, maana aliandika na kuandika. Katikati akasimama, akatoa sauti ndogo puani. Sikujua ni kicheko au ni nini, na bado sijui.

"Mzee..."

"Sijasikia tayari."

Akaendelea. Akafuta kitu, akakirudia. Kisha kasanduku ka zamani kakazimwa, nikasikia kimya chake, kwa sababu kalikuwa na mvumo mdogo ambao nilikuwa nimeuzoea bila kujua. Tukangoja wote wawili. Ng'ombe akachuma jani jingine.

Mkiniuliza kama nilifanya sawasawa, sijui. Naomi sasa analijua neno la Wambui na mimi silijui. Anaweza kuniambia siku yoyote nikiuliza. Nikikutana naye Adams ananitazama kama mtu anayengoja kuulizwa, nami namuuliza habari za kazi. Inawezekana nitauliza. Inawezekana nimekwisha kuamua kutouliza, na bado sijajijulisha.

Siku ile, tukiwa bado tunangoja, ndani ya kabati la vyombo simu ililia, na vikombe vikatikisika.

"Tayari, Mzee," Naomi akasema.

Sikugeuka mara moja.